Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Watu hawaachi kupiga kura kwa uvivu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Moshi, huku Pasua. Kila uchaguzi ukikaribia magari ya matangazo yanazunguka mpaka vichochoroni, jitokezeni jitokezeni, alafu siku yenyewe watu wasipotokea lawama zote anabeba mwananchi, eti mvivu, eti hana uzalendo. Mimi hapo nakataa kabisa. Mtu akiona kura yake inafanya kazi anatoka, akiona haifanyi kazi anaenda zake shamba.

Angalia 2010. Walioandikishwa walikua zaidi ya milioni 20, waliopiga hawakufika hata milioni 9, yaani kama asilimia 43. Mwaka 2015 ikapanda mpaka asilimia 67. Sasa Watanzania waliacha uvivu ndani ya miaka 5? Kilichobadilika ni kwamba safari hii kulikua na mbio za kweli, vyama vya upinzani vilivyoungana, UKAWA, vilisimamisha mtu mmoja, marehemu Lowassa, mtu wa Monduli hapo, na huku kaskazini CCM na wapinzani wote walijua wakizubaa imekula kwao. 2020 tukarudi kwenye nusu hivi.

Mheshimiwa, shida iko kwenye mfumo. Jimboni anayeongoza anabeba kila kitu hata akizidi kwa kura moja. Chukua wagombea watatu, mmoja 4,000 na hao wengine 3,000 kila mmoja, mbunge ni wa wale 4,000 wakati watu 6,000 hawakumtaka, na hao 6,000 ndio unawategemea warudi kwenye foleni miaka 5 ijayo. Kwa Rais ni hivyo hivyo, sharti la kuzidi nusu ya kura liliondolewa kwenye Katiba mwaka 2000, siku hizi ukiongoza tu umepita. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka sharti lile lirudi, na mchakato wenyewe ukakwama.

Nchi inayonipa moyo ni Lesotho, kanchi kadogo ka milimani lakini walikaa wakafikiri. Mwaka 1998 walikua na mfumo kama wetu, chama kimoja kikapata kama asilimia 60 ya kura kikachukua viti 79 kati ya 80. Hebu fikiria, wananchi 4 kati ya 10 wamebakiwa na kiti kimoja! Fujo zikalipuka, mji mkuu wao Maseru ukachomwa, mpaka wanajeshi wa Afrika Kusini na Botswana wakaingia. Baada ya hapo hawakufuta majimbo, yale 80 waliyaacha, wakaongeza viti 40 vya kugawa kulingana na kura za chama nchi nzima. Uchaguzi wa 2002 chama kile kilichokua na kiti kimoja kikatoka na viti 21 na hakikushinda jimbo hata moja.

Na sisi hesabu hiyo tunaijua tayari, wengi tu hawajaambiwa. Viti maalum vya wanawake vinagawiwa kwa kura za ubunge za chama nchi nzima, mradi chama kifikishe asilimia 5. Kwahiyo kura ya mama wa Ngarenaro aliyempigia mgombea aliyeshindwa Arusha Mjini haijapotea yote, inahesabiwa kule. Ila nani aliwahi kumweleza? Na majina ya wanaoingia yanapangwa na chama, yeye hayaoni popote kwenye karatasi ya kura. Ninachoomba ni hesabu hii isiishie kwenye viti maalum peke yake, iwepo sehemu ya viti vya kawaida vinavyogawiwa hivyo, na orodha ya majina ibandikwe kituoni kabla ya siku ya kura watu waisome.

Kuna ishu nyingine ambayo haihitaji hata katiba mpya. Nenda geti la Machame, la kupandia mlima Kilimanjaro, asubuhi yoyote ya mwezi wa 10. Wapagazi wamejipanga kwenye mzani, mzigo haupaswi kuzidi kilo 20, wakimaliza kupima ni kupanda, siku 6 au 7 ndio washuke Mweka. Uchaguzi wetu ni mwezi huo huo, na sheria inataka upigie kituo ulichojiandikisha. Kijana yuko kambi ya Barafu huko juu na mzigo wa mgeni, kadi yake ya mpiga kura iko chini Pasua, alafu jioni redioni anaambiwa vijana hawajali nchi yao. Akikataa safari anakosa hela ya kodi ya nyumba, kwahiyo lazima apande.

Zanzibar wana kura ya mapema, 2020 askari na watumishi wa uchaguzi walipiga siku moja kabla. Najua ilileta malalamiko makali kutoka kwa wapinzani, na dawa yake ni mawakala wa vyama vyote wawepo kituoni na kura zihesabiwe mbele yao, sio kuwanyima watu nafasi. Leteni muswada wa kura ya mapema huku bara, wiki nzima kabla, kwa watu wa mlimani, madereva wa malori ya masafa, manesi wa zamu. Na wapagazi naomba watajwe humo kwa jina, wasifichwe kwenye "makundi mengine".

Wako,
Mpiga kura wa Moshi Mjini