Sindano ya makunyanzi: tunaogopa kisichotisha, tunapuuza kinachodhuru

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sindano za kulegeza makunyanzi ya uso, ambazo wengi wetu hapa Kampala tunaziita Botox hata pale dawa yenyewe inapokuwa ya kampuni nyingine. Mimi ni muuguzi mstaafu, na kilichonisukuma kuandika si urembo. Ni jirani yangu, mama wa makamo, ambaye kope zake hujifumba zenyewe kwa nguvu, hata akitaka kuvuka barabara hulazimika kuinua ukope mmoja kwa kidole ili aone bodaboda inayokuja. Daktari wa macho alimshauri achomwe sindano hiyo kuzunguka macho, naye akakataa katakata. "Sista," aliniambia, "hiyo ni sumu ya wanawake wanaotaka kurudi usichana. Mimi nina wajukuu."

Hilo la sumu lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Dawa hii hutengenezwa kutokana na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayeua watu kupitia chakula kilichohifadhiwa vibaya. Daktari Mjerumani Justinus Kerner alieleza dalili za sumu hiyo katika miaka ya 1820 baada ya kuwachunguza watu waliokula soseji zilizoharibika. Lakini dawa nyingi tunazozitegemea hospitalini huua zikizidi kipimo, na kiasi kinachotumika hapa ni kidogo mno, tena huwekwa ndani ya msuli uliokusudiwa. Zaidi ya hayo, makunyanzi hayakuwa mwanzo wa habari hii. Dkt. Alan Scott wa San Francisco alikuwa akitafuta tiba ya makengeza, na mwaka 1989 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba. Dkt. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver nchini Kanada, ndiye aliyegundua kwamba wagonjwa wake wa kope walipoteza pia mikunjo ya katikati ya nyusi. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo yao mwaka 1992, na idhini ya Marekani kwa ajili ya mikunjo hiyo ikaja mwaka 2002. Kwa hiyo ugonjwa wa jirani yangu ulitangulia, urembo ukafuata nyuma kwa miaka 13.

Wapo wanaosema uso hufa ganzi. Haufi. Dawa huzuia mshipa wa fahamu kutoa kemikali ya asetilikolini, ambayo ndiyo huuamrisha msuli ujikaze. Hisia za ngozi hubaki palepale, na mtu akiguswa au akimwagikiwa na chai ya moto atajua mara moja. Kazi yake huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kwa takriban wiki mbili, na baada ya miezi mitatu hadi minne msuli hurudi kujikaza. Anayeacha kuchomwa harudi akiwa mzee kuliko alivyokuwa. Hurudi na uso wake tu. Uso usiosogea kabisa, ambao watu huuona kwenye picha na kuucheka, mara nyingi hutokana na kipimo kikubwa au sindano kuwekwa mahali pasipofaa.

Nimesikia pia saluni zikiiuza kama kitu cha kung'arisha ngozi, jambo ambalo ni uongo mtupu, kwa kuwa haihusiani kwa lolote na mkorogo. Wala si ile jeli inayojazwa kwenye midomo na mashavu, ambayo ni kitu kingine chenye hatari zake nyingine.

Sasa nije kwenye kile ambacho hatukiogopi. Binti wa ndugu yangu, fundi cherehani, alichomwa katika chumba cha nyuma cha saluni moja na mtu ambaye hakumuuliza hata kama ana mimba. Kichupa kilitolewa kwenye mkoba, ingawa aina nyingi za dawa hii huhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Siku chache baadaye ukope wake wa kulia ulishuka ukafunika nusu ya jicho, na kwa wiki sita alikuwa akitunga uzi kwenye sindano huku ameinua kidevu juu, shingo ikimuuma. Ulipona wenyewe, kwani hakuna dawa ya kuifuta sindano hii mara moja, mtu husubiri. Na hayo yalikuwa madogo. Mwezi Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa tahadhari kuhusu Botox bandia baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua, baadhi yao wakalazwa.

Nawasihi wanaoitaka, na sina ugomvi nao, wamuulize anayewachoma leseni yake ya mwaka huu kutoka Baraza la Madaktari, wahakikishe dawa inatambuliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na wadai kichupa kifunguliwe mbele yao. Yuniti, yaani vipimo vya dawa hii, za kampuni moja si sawa na za nyingine, na asiyelijua hilo hafai kushika sindano. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa misuli kama miastenia, au anayetumia dawa za kuua bakteria kama gentamisini, aseme kabla. Na yeyote atakayeona anashindwa kumeza, kuongea au kupumua vizuri, hata kama siku zimepita tangu achomwe, akimbilie hospitali usiku huohuo.

Jirani yangu bado hajakubali. Ameniomba nimsomee barua hii ikichapishwa, maana kusoma mwenyewe kunamchosha macho, na maswali yatakayobaki tutayapeleka pamoja kwa daktari siku ya kliniki yake.

Muuguzi mstaafu,
Ntinda, Kampala