Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mifumo ya Taarifa: kabla ya kununua seva, tuamue nani ni nani

Ndugu Mkurugenzi,

Uamuzi wako wa kukusanya data za mauzo, malipo na huduma kwa wateja kwenye kanzidata moja ya ripoti umetufurahisha sisi tunaoandaa taarifa za kila mwezi. Tumechoka kunakili na kubandika kwenye Excel, halafu kikaoni kila idara inakuja na jumla yake. Ila mpango uliotusambazia unaeleza kwa kirefu seva na programu zitakazonunuliwa, na haugusi swali lililo gumu kuliko yote: mteja mmoja atatambulikaje katika mifumo mitatu?

Chukua namba 1045. Kwenye mauzo ni ya mtu mmoja, kwenye malipo ni ya mwingine kabisa, kwa sababu kila mfumo ulianza kuhesabu kutoka 1. Tukizichanganya bila kuonyesha kila rekodi imetoka mfumo gani, watu wawili watageuka mmoja. Na aliyeandikwa Mohamed huku na Muhammad kule atahesabiwa mara mbili. Programu za kulinganisha majina zipo, lakini kazi yake ni kukisia. Lazima awepo mwenye mamlaka ya kusema hawa ni mtu mmoja, au sio. Mpango haumtaji.

Tarehe ni jambo dogo: 03/04/2024 ni Aprili kwa mfumo mmoja na Machi kwa mwingine, na tukiandika 2024-04-03 kote, kama kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kinavyotaka, yamekwisha.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni rekodi zinazofutwa. Mpango unasema kila usiku zitachotwa rekodi zilizobadilika tu, kwa kuangalia tarehe ya mabadiliko. Ankara ikifutwa kwenye mfumo wa malipo, hakuna tarehe inayobaki ya kuangaliwa. Mstari wenyewe umeondoka. Kwenye ripoti zako ankara hiyo itaendelea kuishi na kudaiwa, na hakuna hitilafu itakayojitokeza kwenye skrini. Ama mifumo iweke alama ya kufutwa badala ya kufuta, ama tusome kumbukumbu za mabadiliko za kanzidata ya kila mfumo, ambamo hata kufutwa huandikwa. Wauzaji wa programu hawalisemi hili mpaka waulizwe.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya manunuzi, liandaliwe jedwali la kulinganisha namba za wateja wa mifumo yote mitatu, na idara itakayolisimamia itajwe kwa maandishi. Idara hiyohiyo ituambie "mteja hai" ni nani, maana mauzo wanamhesabu aliyenunua mwaka huu, na huduma kwa wateja wanamhesabu yeyote ambaye hajafunga akaunti.

Pili, tuchukue mwezi mmoja ambao hesabu zake zimekwisha kufungwa, tuupakie kwenye kanzidata mpya, na wakuu wa idara zote tatu wasaini kwamba jumla zinalingana na za mifumo yao. Zisipolingana, ripoti za zamani ziendelee hadi sababu ipatikane.

Wako katika kazi,
Mwandaaji wa ripoti