Wauza vitambaa, ule ukingo msiukate

Bwana Mhariri, asalaam aleikum. Nina cherehani yangu hapa Langoni, Lamu, nashona madera, buibui, sare za shule na za harusi, na leo naomba nafasi gazetini manake nshachoka kulaumiwa kwa kitambaa kilichoharibika hata kabla hakijafika kwangu.

Mwaka jana kaja mama mmoja na kitambaa cha sare ya harusi, wasichana sita, rangi ya zambarau, kile laini chenye kung'aa upande mmoja lakini kung'aa kwenyewe kidogo sana, dukani chini ya taa huoni kitu. Alinunua cha watu wanne, cha wawili akatuma mtoto kesho yake, na kile kipande cha pili muuzaji alishakichana ukingo, ule ukanda mwembamba wa pembeni usiotoka nyuzi, pande zote mbili eti kikae vizuri. Mie nikakata, nikashona, nikapiga pasi, kila mtu kafurahi. Usiku wa harusi taa za kamera zilipowashwa wasichana wanne wako zambarau, wawili kama wamepakwa jivu, kumbe kitambaa chao nimekishona ndani nje. Hela ya ufundi nilirudisha yote, na mpaka leo yule mama tukikutana njiani anataka kupita upande wa pili, na njia za Lamu mnazijua, huo upande wa pili haupo.

Kosa langu silikatai, ningetoka nacho barazani kwenye jua ningeona. Nyumba zetu hizi mwanga wake ni wa kubahatisha. Lakini ukingo nao ungenisaidia. Kwa vitambaa vya kuchapwa mara nyingi huwa umeandikwa maandishi ya kiwanda au umetiwa vidoa vya rangi zilizotumika, sasa yale maandishi yakisomeka sawasawa ujue umeangalia uso wa kitambaa, ule upande wa kukaa nje, yakienda kinyume kama ya kwenye kioo huo ni mgongo, geuza. Kuna na vitundu vidogo vya pini za mashine ya kukaushia, mafundi wengi husema upande ambao vitundu vimetokeza ndio uso, mie nimekuta hivi na nimekuta vile, kwa hivo vitundu peke yake sikati nguo ya mtu.

Leso sina haja ya kufundisha mtu wa pwani, jina, yale maneno yake, linajisomea lenyewe. Ila hizi zilizochapwa upande mmoja nimeona watu wanakunja pindo kuja juu, alafu wanashangaa mbona pana mstari uliopauka chini ya pindo, bana kunja kwenda mgongoni! Kikoi hakina maneno, kimefumwa na rangi zake, ndani nje mamoja. Kitenge cha nta pia, nta na rangi vimeshika pande zote mbili, ndo mana ukigeuza hupati tofauti, wakati vile vya bei ya chini ukigeuza tu unaona weupeweupe.

Shida kubwa ni vya rangi moja. Kaki za shule kwa mfano, mama analeta mita zake anasema fundi pande zote sawa. Sio sawa. Itazame karibu utaona mistari midogo ya mshazari, usoni imesimama na inaonekana, mgongoni imelala. Jinzi nayo ina mistari hiyo, usoni mara nyingi inapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, lakini jinzi ya buluu hata mtoto hakosei, nyuzi za urefu zimetiwa rangi na za upana zimeachwa nyeupe, kwa hivo buluu inakaa nje na weupe ndani. Kitambaa cha tisheti kina hila yake naipenda sana: shika ile sehemu iliyokatwa kwa upana, ivute kushoto na kulia, itajikunja yenyewe, na inakojikunjia ndo usoni. Kama huamini tazama kwa karibu, uso una vijimishono kama herufi V zimepangwa, mgongo una vinundunundu.

Alafu kuna kitambaa cheusi cha buibui, hapo hata mie nakaa nacho dirishani dakika kumi. Napitisha kiganja, nainua, nalaza, nakunja pembe moja juu niziweke pande mbili pamoja, na mara nyingine wallahi sioni kitu. Sasa hapa ndo nataka wasomaji wanielewe. Kama huoni tofauti na fundi haoni, chagua upande unaoupenda wewe, hakuna atakayekusimamisha sokoni kukuuliza. Kinachoharibu nguo ni kuchanganya, mkono mmoja usoni mwengine mgongoni, mana macho yasioona tofauti kwenye kitambaa kilicholala yataiona kikishonwa na kupigwa na jua. Wako hata wanaotaka mgongo makusudi, satini yenye mgongo wa kufifia unaitumia kwenye kola na vikofi inatoka nzuri tu, bora uniambie.

Kwa hivo wenye maduka, mkikata mita acheni ukingo, na kama mteja anaongeza kipande kitoeni kwenye jora lile lile, mkieke kama cha kwanza kilivyokaa. Na nyinyi wateja, pale pale dukani mwambie muuzaji akuonyeshe uso, kisha chukua kipande cha sabuni kilichobaki bafuni uchore alama ya msalaba mgongoni, kila kipande, sio kimoja. Ikifuliwa inatoka. Msichore kwa kalamu ya wino jamani, kuna mmoja kaniletea kitambaa cheupe kachora kwa biki!

Mhariri ukiweza itoe barua hii kabla Shaabani haijaisha, manake Ramadhani ikishaingia vitambaa vya Idi vinajaa mpaka chini ya meza na mie sina tena nafasi ya kumuuliza mtu uso ni upi.

Fundi wa Langoni,
Lamu