Difu ya mbele inakata bolti palepale kila mara. Nianzie wapi?

Ndugu mshauri,

Salamu. Nakuandikia nikiwa na bolti mbili zilizokatika hapa mezani, na swali moja ambalo mafundi watatu wamenijibu kwa namna tatu tofauti. Naomba msaada wako kabla sijalirudisha gari porini, maana safari zangu hubeba watu, na pale bolti inapokatika huwa ni mbali na msaada.

Gari ni pikapu ya dizeli yenye fowili (nguvu kwenda magurudumu yote manne) ya kuingiza kwa mkono. Mbele kila gurudumu lina mikono yake ya sasipensheni, kwa hiyo difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili) haikufungwa ndani ya ekseli nzima kama ya nyuma. Imening'inizwa chini ya fremu kwa mauntingi (vishikizo) tatu: mbili kwenye krosimemba (boriti ya kukingama ya fremu) ya mbele, kushoto na kulia, na moja nyuma karibu na pua ya pinyoni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu). Kila moja ina bushi ya mpira na bolti ya milimita 12. Mwaka mmoja na nusu uliopita niliinua gari kwa milimita 50, nikavalisha tairi za inchi 33 badala ya 31. Ili shafti za mbele zisikae kwa pembe kali, fundi aliishusha difu kwa kuweka spesa (vipande vya kujaza nafasi) za milimita 25 kati ya mauntingi na krosimemba, akatia bolti ndefu zaidi.

Bolti ya kwanza ilikatika nikiwa kwenye mteremko wa mawe. Njia ilifunga mbele, ikabidi nirudi nyuma kupanda, gia ya rivasi, fowili ya lo (gia za mwendo mdogo na nguvu nyingi), difu loki ya nyuma (inayolazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja) imewashwa. Gurudumu la mbele kushoto lilibanwa kati ya mawe mawili, nikaongeza mafuta kidogo, nikasikia mlio mmoja mzito chini ya miguu yangu. Difu ilikuwa imeinuka upande mmoja na kugonga krosimemba. Nilifungua propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) nikaiweka nyuma ya gari, nikarudi kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Ilikuwa bolti ya mbele kushoto.

Fundi alitia bolti mpya ya daraja la 10.9 (namba ya uimara wa bolti; kubwa zaidi ni imara zaidi) na kuikaza kwa nguvu zote za mkono wake. Baada ya miezi minne ikakatika tena, mahali palepale, safari hii kwenye njia ya kawaida ya vumbi. Hilo ndilo lililonishtua. Mwezi uliopita bolti ya tatu haikukatika, ila sikio la kufungia bolti kwenye nyumba (ganda la nje) ya difu, ambalo ni chuma cha kasti, limepata ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti kwenda juu, urefu wa kucha ya kidole gumba.

Ushauri niliopewa ni huu. Fundi wa kwanza anasema tutoboe tundu na kuweka bolti ya milimita 14. Wa pili anasema bolti ya daraja la 12.9 itamaliza kazi. Wa tatu anataka kutoa bushi za mpira, kuweka vipande vya chuma, na kuchomelea ufa kwa fimbo za kawaida. Wote ni watu wa kazi na siwadharau. Lakini wote wanaongeza nguvu mahali palipovunjika, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini ni kushoto mbele kila mara.

Kwa hiyo nilianza kuangalia mwenyewe, na naomba unirekebishe nilipokosea.

Bolti ya pili nimeipiga mswaki na mafuta ya taa hadi ikang'aa. Uso wake una sehemu mbili. Zaidi ya nusu ni laini, ina mistari ya nusu duara iliyopangana kama pete za gogo la mti, ikianzia ukingoni, kwenye nyuzi za kwanza. Kipande kilichobaki ni cha kijivu na kinakwaruza. Nijuavyo, huo laini ni uchovu wa chuma: ufa ulianza mdogo, ukatembea kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na kile kijivu ndicho kilichopasuka siku ya mwisho. Ya kwanza haina pete hizo, imevutika na kunyongeka. Basi naona ya kwanza iliuawa na lile jiwe, lakini ya pili iliuawa na kulegea.

Kuhusu kulegea nina ushahidi mwingine. Bolti ya tatu ilipofungwa niliichora mstari wa rangi kutoka kichwani hadi kwenye krosimemba. Baada ya wiki tano mstari ulikuwa umenyooka vilevile, bolti haikuzunguka hata kidogo. Lakini nilipoiwekea spana ilikubali karibu robo zunguko kabla ya kushika. Pembeni ya washa palikuwa na unga mwekundu wa kutu, laini kama wa tofali, na nilipoitoa spesa nilikuta rangi nyeusi iliyopakwa juu yake imekamuliwa nje kama uji. Spesa zote tatu zilipakwa rangi nene pande zote mbili. Naamini rangi hiyo ndiyo inayokula mkazo: bolti imenyoshwa vizuri siku ya kwanza, rangi inaporomoka chini yake, chuma hakibani tena chuma, na tangu hapo bolti inapinda kila difu inapojinyonga. Tundu la krosimemba upande huo nimelipima, lina milimita 12.5 upana na 14 urefu. Upande wa kulia ni 12.5 kote.

Kuhusu nguvu zenyewe, nimepiga hesabu. Injini yangu hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 340. Gia ya kwanza ni 4.3, lo ni 2.5, kwa hiyo propela hupokea takriban 3,650, na baada ya difu ya 4.1 zinafika karibu 15,000 kwa magurudumu yote, tukiacha zile zinazopotea njiani. Najua kwa kawaida tairi huteleza zamani kabla ya kiasi hicho kufika. Lakini gurudumu lililobanwa na jiwe halina pa kuteleza, na kwa kuwa transifa hii (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) hufunga mbele na nyuma pamoja, magurudumu ya nyuma yakikosa mshiko, ya mbele hupokea zaidi ya nusu yake. Na kiasi chochote kinachozungusha magurudumu, nyumba ya difu hukipokea kwa upande wa pili, nacho hakina pa kwenda ila kwenye zile mauntingi tatu. Kwenye ekseli nzima kazi hiyo hufanywa na springi au mikono.

Nilifunga simu chini ya gari, nikaweka vigingi kwenye magurudumu, mwenzangu akakanyaga breki, akaingiza fowili na kuachia klachi taratibu. Kwenda mbele, pua ya pinyoni inashuka na difu inajibana juu kwenye krosimemba. Kwenye rivasi pua inapanda na upande wa mbele unavutwa chini, mbali na krosimemba, na kushoto kunashuka zaidi ya kulia. Kwa jicho ni kama milimita 8. Kwa hiyo ni rivasi inayozivuta bolti hizi, na nakumbuka vizuri ya kwanza ilikatika nikiwa kwenye rivasi.

Jambo moja bado linanisumbua. Splaini ya propela ya mbele (meno yanayoiruhusu kurefuka na kufupika) imebakiza nafasi ndogo sana ya kuingia. Gari likiwa limesimama naona karibu milimita 6 tu. Gari likiruka na kutua, je, propela inaweza kufika mwisho na kuisukuma difu mbele kama nyundo? Sili ya pinyoni imeanza kutoa jasho la oili, nami nahisi mambo haya mawili yanahusiana.

Sasa naomba uniambie haya. Sikio lenye ufa, je, kuna namna ya kulichomelea nikaliamini, kwa kupasha moto nyumba nzima na kutumia fimbo za nikeli, au nitafute nyumba nyingine bila kubishana? Spesa nizirudishe zikiwa chuma kitupu kisicho na rangi, zikiwa na bomba la chuma ndani la kuishika bolti isipinde, au niondoe mpango huo wote na kulishusha gari libaki limeinuliwa milimita 25 tu, difu irudi mahali pake? Krosimemba iliyotanuka tundu nataka kuiwekea bamba la milimita 6 kwa kuchomelea. Je, bamba lizunguke tundu tu au lifike hadi kwenye fremu? Na bushi: mpira wa kiwandani umechanika upande wa kushoto, nimeshauriwa poliyurethani, lakini naogopa bushi ngumu itapeleka pigo lote kwenye lile sikio la kasti.

Bolti ya 12.9 siitaki kwa sasa. Nimesoma kwamba zikipakwa zinki vibaya hupasuka ghafla bila dalili, na kwa maoni yangu 10.9 iliyobana kweli inatosha. Kama nimekosea hapo, niambie waziwazi.

Gari limeegeshwa, propela ya mbele imetolewa, na sitaiingiza fowili hadi nipate jibu lako. Nikihitajika kupima kitu kingine chini yake, nitapima kesho yake.

Msomaji wako.