Fungueni mfereji wa kanisa siku za wiki

Kwa Mhariri,

Mimi huuza chai na mandazi Ngara, na Jumapili huhudumu mlangoni katika kanisa letu katikati ya jiji. Julai mwaka jana, asubuhi ya baridi kali, kijana mmoja alifika ibada ya pili akiwa na gunia begani na chupa ya gundi ameificha ndani ya mkono wa sweta. Nilimwambia kwa upole angoje nje mpaka ibada iishe. Nilipotoka kumtafuta hakuwepo, na sijamwona tena. Yakobo anauliza yafaa nini kumwambia ndugu aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili. Maneno hayo niliyasema mimi, pale mlangoni.

Tangu Agosti, kila Alhamisi jioni mimi na kina mama wawili wa ushirika hubeba chupa za chai na mkate tukashuka hadi upande wa Globe, karibu na Mto Nairobi. Zamani nikiwaona wamelala kwenye nyasi mchana nilidhani ni uvivu. Kumbe usiku hawalali. Kuna baridi, kuna askari wa kaunti, kuna wezi wa viatu, na kuna walinzi wanaomwaga maji kwenye veranda za maduka ili pasilalike. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi kama minane alinionyesha anavyolala: katoni chini, mtoto amefungwa kifuani kwa leso, gunia juu yao wote wawili, naye ameketi akiegemea ukuta. Akijinyoosha, anasema, hatamsikia mtu anayemjia.

Nilimuuliza anahitaji nini zaidi, nikitarajia aseme chakula. Akasema maji. Chakula huombwa au kuokotwa, lakini maji ya kumwosha mtoto hununuliwa na choo hulipiwa, na mtu akinuka hakuna atakayempa kibarua cha kufua. Nepi ya mtoto ilikuwa kitambaa kimoja tu, amekianika kwenye ukingo wa daraja. Kilikuwa kimefuliwa, ila tope la mto lilikuwa bado limeganda kwenye pindo.

Wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa, makanisa yetu ya mjini yana mifereji, matangi na vyoo. Jumapili vyote viko wazi. Jumatatu lango linatiwa kufuli, na mama huyu anapita nje akielekea mtoni.

Sisemi kanisa halijafanya kitu. Padri Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha Undugu Society mwaka 1973 kwa ajili ya vijana wa mitaani wa jiji hili hili, na wapo wanaohudumu hadi leo bila kujitangaza. Lakini hesabu ya serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wa familia za mitaani nchini, 15,337 kati yao Nairobi. Hao hawatoshelezwi na ziara ya Krismasi. Kijana mmoja aliniambia, "Mathe, Disemba tunakula mara tatu kwa siku, Januari tunarudi kwa mapipa." Na tafadhali, acheni kuwapiga watoto picha wakiwa wameshika sahani. Nimeona msichana wa miaka kama kumi akijifunika uso kwa mkate aliopewa.

Ninachoomba ni siku mbili kwa wiki, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Mfereji ufunguliwe, choo kifunguliwe, pawe na ndoo na vipande vya sabuni, na wahudumu wawili, mwanamke na mwanamume. Najua mtasema wataiba. Mfereji wetu uko karibu na lango, mbali kabisa na vyombo vya ibada. Na kwa Alhamisi zote hizo nimepoteza kikombe kimoja tu, ambacho kililetwa wiki iliyofuata kikiwa kimeoshwa.

Ombi langu liko kwa wazee wa kanisa letu tangu mwezi uliopita. Kila Alhamisi yule mama, kabla hata hajapokea chai, huniuliza, "Wamesemaje?" Namjibu bado.

Muumini na muuza chai,
Ngara, Nairobi