Saa inatembea, lakini rota inakula mashine

"Fundi, nimeleta saa ikiwa inatembea, nimeomba sevisi tu. Hii hela ya ekseli ya rota imetoka wapi?" Mzee aliyetuuliza hivyo juzi alilipa shingo upande, akaondoka akiamini tumemzushia ugonjwa. Si wa kwanza, na limetuuma.

Kwenye saa ya otomatiki, rota ni kile kibamba kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono ukitikisika, kikakaza springi inayoiendesha saa. Uzito wote huo, katika mashine nyingi za zamani, umebebwa na ekseli moja nyembamba. Oili ikikauka, ekseli inalika, rota inalegea na kuanza kukwaruza mfuniko wa nyuma. Saa haisimami, ndiyo maana mwenyewe hajui. Itikise karibu na sikio: ukisikia mkwaruzo, ivue siku hiyohiyo, kwa sababu unga wa chuma unashukia kwenye gia.

Kinachotusikitisha zaidi ni oili ya kupuliza. Kijana mmoja alileta saa ya marehemu baba yake, kaipulizia ile ya bawaba za milango. Ilitembea wiki mbili. Tulipoifungua, oili ilikuwa imenasa vumbi na kugeuka msasa: ncha za gia zimekwaruzika, tundu la ekseli ya springi limelika likawa na umbo la yai. Tena ilikuwa imefika kwenye springi yenyewe. Springi ya otomatiki haikufungwa mwisho wake wa nje. Ikijaa huteleza, na kuna grisi maalumu inayoizuia isiteleze mapema. Grisi hiyo ikioshwa, utaivaa saa mchana kutwa na usiku itasimama. Sevisi ya kawaida ingemtosha yule kijana. Ikabidi tutoboe tundu upya, tuingize bushi, yaani kipete cha chuma, na kuipanua kidogo kidogo mpaka ekseli ikae bila kucheza. Kazi hiyo haiwezi kuwa na bei ya kubadilisha betri.

Spea za mashine nyingi za zamani hazitengenezwi tena. Kung'oa kwenye saa nyingine tunakubali, ila mara nyingi nayo imelika palepale.

Sasa hatugusi kitu kabla mteja hajaangalia uchakavu kwenye lenzi na kukubali bei. Kwa yule mzee hatukufanya hivyo, na hapo kosa ni letu. Ekseli yake ya zamani tumeihifadhi kwenye bahasha. Akipita, tutaiweka kando ya mpya aangalie mwenyewe.