Ikisiri Isiyosema Ulichokipata

Ikisiri, yaani muhtasari mfupi unaotangulia kazi ya kitaaluma, nyingi za tasnifu na makala tunazoletewa kuhariri zina kasoro ileile. Nusu yake inaeleza usuli wa mada, kisha matokeo yanapewa sentensi moja: "Utafiti umebaini changamoto mbalimbali." Changamoto zipi? Zimewakuta akina nani? Mtahini hasomi ikisiri ili aambiwe kuwa elimu ni muhimu. Anatafuta jambo ulilolipata. Na kwa msomaji wa mtandaoni asiyeweza kulipia makala yenyewe, ikisiri ndiyo sehemu pekee atakayoisoma.

Iandike mwisho, sura zote zikiwa zimekamilika, na uanze na matokeo. Fungua sura ya matokeo, chagua mawili au matatu makubwa, kila moja liandikie sentensi yenye namba. Tuseme uliwahoji walimu 60. "Walimu wengi hawana vitabu" haitoshi. "Walimu 41 kati ya 60 walifundisha bila kiongozi cha mwalimu" inatosha. Sampuli ikiwa ndogo, epuka asilimia. Asilimia 80 ya watu 10 ni watu 8, basi andika 8 kati ya 10. Kama utafiti ni wa fasihi au isimu na hauna namba, taja hoja yenyewe: kipengele gani kimejitokeza, katika matini zipi, na kimefanya nini.

Mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, unaweka kikomo cha maneno 250. Ndani ya kikomo hicho tunashauri mgawanyo huu: usuli na pengo la maarifa maneno 40, lengo 25, mbinu 55, matokeo 95, hitimisho 35. Chuo chako kikiruhusu zaidi, ongeza kwenye matokeo, usuli uache ulivyo.

Kwenye mbinu, "hojaji na usaili" peke yake haimsaidii mtu. Sema watoataarifa walikuwa wangapi, wa wapi, walipatikanaje, na data zilichanganuliwa vipi. Nadharia itaje kwa jina tu. Mihimili yake ina nafasi ndani ya tasnifu.

Kosa jingine huingia kimyakimya: "utafiti huu utachunguza". Sentensi hiyo ilinakiliwa kutoka kwenye pendekezo la utafiti na haikurekebishwa. Pitia kila kitenzi chenye -ta-. Ikisiri ya kuomba nafasi kwenye kongamano inaweza kubaki na wakati ujao kama data bado zinakusanywa. Ya tasnifu haiwezi.

Vyuo vingine hudai ikisiri kwa Kiswahili na Kiingereza. Hapo namba ndizo huharibika: msimamizi anaagiza sampuli irekebishwe, mwandishi anabadilisha toleo moja, la pili linabaki na idadi ya zamani. Yaweke sambamba, usome sentensi kwa sentensi.

Marejeo, majedwali na vifupisho visivyofafanuliwa viondoe. Maneno muhimu yawe 3 hadi 5. "Utafiti" na "lugha" hayamsaidii yeyote kukupata kwenye injini ya utafutaji.

Ukitutumia ikisiri tuihariri, ambatisha sura ya matokeo, hitimisho na mwongozo wa chuo au jarida. Bila hizo tutanyoosha lugha tu, na hatutajua kama 41 uliyoiandika ndiyo iliyomo kwenye jedwali lako.